Kompyuta zipo, intaneti ipo, kipindi hakiendi: dalili, sababu na cha kufanya

Walimu wenzangu, neno linaloua vipindi vya mtandao mashuleni ni hili: "mtandao unasumbua". Likishatamkwa tu watoto wanarudishwa madarasani, chumba cha kompyuta kinafungwa, na wiki ijayo mwalimu anaogopa hata kujaribu tena. Ukweli ni kwamba ukifuatilia taratibu, mara nyingi sana mtandao wenyewe uko salama kabisa. Shida iko kwenye saa ya kompyuta, au kwenye simu iliyobebeshwa darasa zima, au ni somo lilipangwa vibaya alafu lawama zikapewa waya. Nafundisha sekondari na haya nayaandika kwa yule mwalimu aliyekabidhiwa funguo za chumba cha kompyuta akaambiwa we ndo fundi wetu, na hana wa kumuuliza.

Kabla hujagusa kitu jiulize maswali matatu. Ni mashine moja au zote? Ni tovuti moja au zote? Jana ilikuwa inafanya kazi au haijawahi kufanya kazi? Mashine moja ikigoma na jirani zake zinaenda, acha rauta kama ilivyo, shughulika na hiyo mashine. Zote zikigoma tovuti moja tu, basi ni hiyo tovuti au ni mashine zako zimezeeka haziwezi kuifungua. Zote zikigoma kila kitu, hapo ndo unaenda kwenye rauta, bando na umeme. Nimeona watu wanazima na kuwasha rauta asubuhi nzima kumbe ni kebo ya kompyuta moja imechomoka nyuma.

Simu yako inafungua vizuri, kompyuta za watoto zinaunganika chache tu

Hii ndo ya kawaida kuliko zote. Mwalimu anawasha hotspoti ya simu yake, mashine za mwanzo zinaingia, zinazofuata zinaandika haziwezi kuunganika. Hapo hakuna kilichoharibika, simu nyingi za Android zinapokea vifaa 8 au 10 kwa pamoja na mwisho wake ni hapo. Hata ungekuwa na bando la mwezi mzima, huwezi kuendesha darasa la watoto 40 kwa simu. Tumia rauta, na kama chumba kina swichi (kile kisanduku cha kugawia kebo za mtandao) na kebo, tumia kebo, mana waifai ya rauta ya bei nafuu ikishabeba mashine 30 inaanza kuchoka hata kama kifurushi ni kikubwa.

Kama rauta ipo na bado mashine zinakataa, fungua cmd (kile kidirisha cheusi cha Windows cha kuandikia amri) kwenye mojawapo uandike ipconfig, kisha uangalie namba ya IP, yaani anwani ya mashine kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, maana yake mashine iliomba anwani kwenye rauta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Sababu inakuwa mojawapo kati ya hizi: kebo haijakaa vizuri, swichi haina umeme, au rauta imeishiwa anwani za kugawa. Hii ya mwisho inashangaza watu ila ipo sana. Rauta inagawa anwani kwa idadi maalumu na kila kifaa kinashikilia yake kwa muda, mara nyingi masaa 24. Sasa kama paswedi ya waifai ya shule anaijua kila mwalimu, mlinzi, mpishi na kila mgeni aliyewahi kuja kikao cha wazazi, simu zao zote zinakula anwani hata zikiwa mfukoni. Badilisha paswedi, punguza muda wa kushikilia anwani uwe masaa 2, na uongeze wigo wa anwani kwenye mipangilio ya DHCP, ile sehemu ya rauta inayogawa anwani.

Ikianza na 192.168 au 10 hapo mashine imepata anwani, sasa andika ping 8.8.8.8, yaani unagonga mlango wa kompyuta ya Google huko nje uone kama inajibu. Majibu yakirudi lakini tovuti hazifunguki, tatizo ni DNS, yaani njia ipo ila kinachogeuza majina ya tovuti kuwa namba ndo hakifanyi kazi. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao uweke DNS ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1 alafu ujaribu tena. Majibu yasiporudi, ndo sasa uangalie bando na laini.

Na kama shule ina rauta mbili tatu zilizopangwa karibu karibu zikigongana, kila moja ipe chaneli yake, 1, 6 na 11, ndo chaneli za waifai ya 2.4 GHz ambazo haziingiliani.

Kurasa zinafunguka lakini video inazunguka tu

Hapa tupige hesabu kidogo. Video ya ubora wa 720p inakula kasi ya kama Mbps 2.5 hivi (megabiti kwa sekunde). Watoto 30 kila mmoja na mashine yake ni Mbps 75 kwa wakati mmoja. Rauta ya 4G iliyokaa dirishani haitoi hiyo, hata kifurushi kiwe cha gharama kiasi gani. Alafu angalia na bando: kipindi cha dakika 40 kwa kasi hiyo ni MB 750 kwa mtoto mmoja, mara 30 ni GB 22 na nusu. Kwa kipindi kimoja! Mkuu wa shule akiletewa hiyo hesabu atakunyang'anya funguo na hatakuwa amekosea.

Alafu kuna mwizi wa kimya kimya, nae ni masasisho ya Windows. Kompyuta zilizokaa wiki mbili zimezimwa, siku ukiziwasha zote pamoja kila moja inaanza kuvuta masasisho yake kwa nyuma bila kukuambia. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa kila mashine uwashe "Metered connection", itapunguza hiyo tabia. Masasisho yafanye siku ya Jumamosi, mashine chache chache.

Lakini dawa yenyewe hasa ni kuacha kuwapeleka watoto wote intaneti kwa wakati mmoja. Ilete intaneti ndani ya chumba kabla ya kipindi. Ukishalizoea hili hutarudi nyuma. Kuna programu ya bure inaitwa Kolibri, imetengenezwa na Learning Equality ya Marekani kwa ajili ya shule zisizo na intaneti ya uhakika. Unaiweka kwenye laptopu moja, unachagua masomo, unayadaunlodi mara moja usiku bando likiwa rahisi au unayachukua kwa flashi kutoka shule jirani, kisha kompyuta na tableti zote za chumbani zinayasoma kutoka kwenye hiyo laptopu kupitia rauta. Rauta hata iwe haina laini ndani. Video zinaanza papo hapo mana haziendi popote, zinatoka mezani kwako. Na mwalimu anaona nani amemaliza zoezi na nani amekwama swali la tatu.

Kuna na programu ya Kiwix, hii inabeba Wikipedia nzima isomeke bila intaneti. Ya Kiingereza yenye picha ni kubwa sana, inakaribia au kuzidi GB 100, ila ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye flashi ya kawaida. Angalizo moja: ukinakili faili kubwa kwenye flashi ikakuambia faili ni kubwa mno wakati nafasi bado ipo tele, hiyo flashi imefomatiwa FAT32, haipokei faili moja inayozidi GB 4. Nakili pembeni vilivyomo, ifomati upya kwa exFAT, itapokea.

Kwa watoto wa msingi, African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili za bure zinazodaunlodika. Na kwa wa Tanzania, vitabu vya kiada viko Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu. Vifungue nyumbani kwako mapema, usingoje darasa likusubiri.

Seva ya ndani iko hewani, tableti zinaikataa

Seva ya ndani ni hiyo laptopu yenye Kolibri. Ukishaiweka utakutana na hii. Laptopu yako inaionyesha vizuri, za watoto hazioni kitu.

Kwanza angalia wameandika nini. Anwani inakuwa kama http://192.168.1.10:8080 na inatakiwa iandikwe yote, pamoja na http:// na hiyo namba ya mwisho. Wakiandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google, au wakiweka nafasi katikati, brauza inaenda kuitafuta mtandaoni na mtandao hamna. Nyingine ni kwamba jana ilikuwa .10 na leo rauta imeipa laptopu namba nyingine. Ingia kwenye rauta uifungie laptopu hiyo namba moja isibadilike.

Pili ni ukuta wa Windows. Siku ya kwanza unapowasha programu kama hii Windows inauliza kama unairuhusu kwenye mtandao, na wengi tunabonyeza Cancel bila kusoma. Kuanzia hapo inazuia kila mashine inayogonga mlango. Badilisha mtandao wa laptopu uwe "Private" na uiruhusu programu kwenye Windows Firewall.

Tatu, kama tableti zina laini za simu, zikigundua waifai haina intaneti zinaihama zenyewe kimya kimya zinarudi kwenye data. Mtoto anaona alama ya waifai ilikuwepo sasa haipo na hajui amefanya nini. Zima data ya simu kwenye tableti zote kabla ya kugawa, na ile meseji ikitokea inayosema waifai haina intaneti, chagua ibaki imeunganika.

Nne, watu wanaunganisha watoto kwenye ule mtandao wa wageni wa rauta. Mtandao wa wageni umetengenezwa makusudi ili vifaa visionane. Kwa hiyo laptopu yako na tableti zao haziwezi kukutana hata mkeshe.

"Your connection is not private" kwenye kila tovuti

Kompyuta ya zamani, leo imewashwa, kila tovuti inaleta onyo jekundu, chini kuna maandishi NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Watu wanadhani ni virusi. Angalia pembeni kulia chini ya skrini, saa inasema ni mwaka 2012. Basi tatizo umeshalipata.

Kila tovuti salama ina cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta ikiamini tuko 2012, inaona cheti cha leo bado hakijaanza kazi, inakataa. Na saa inarudi nyuma kwa sababu kibetri kidogo cha mviringo kwenye ubao mama kimekufa, hivyo umeme ukichomolewa kompyuta inasahau tarehe. Kibetri chenyewe ni CR2032 cha volti 3, kinauzwa hata kwa fundi saa. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, kitoe kwa kusukuma ile klipu ya pembeni, weka kipya upande wenye alama ya kujumlisha uangalie juu, funga. Kisha rekebisha tarehe na uweke kanda ya Nairobi, UTC+3. Kama hujapata kibetri leo, rekebisha tarehe kwa mkono kipindi kiendelee, ila ujue kesho asubuhi itarudi kule kule.

Tarehe ikiwa sahihi na bado tovuti zinagoma, uliza umri wa mfumo. Windows 7 Microsoft waliiacha Januari 2020, na Chrome iliishia toleo la 109 mwaka 2023 kwa hizo mashine. Firefox ESR 115 ndo ya mwisho inayoingia humo, inasaidia kwa muda. Ila ushauri wangu wa dhati, mashine zenye RAM ya GB 2 hadi 4 zitoe Windows uweke Linux nyepesi kama Lubuntu au Linux Mint ya Xfce. Zinafufuka kabisa, na kwa kazi ya brauza mtoto hataona tofauti.

Na kama una yale masomo ya kubonyeza bonyeza yaliyokuja kwenye CD miaka ile na sasa yanaonyesha kisanduku tupu, hayo ni ya Flash. Adobe waliifunga tarehe 31 Desemba 2020, hairudi. Kuna programu ya bure inaitwa Ruffle inaweza kufungua baadhi, lakini usipoteze wiki nzima hapo, tafuta somo mbadala.

Projekta

Picha haitoki: bonyeza Windows na P pamoja, chagua Duplicate. Picha inatoka sauti hakuna: kama ni kebo ya VGA haibebi sauti kabisa, kama ni HDMI basi sauti imeenda kwenye projekta yenyewe, ibadilishe kwenye alama ya spika. Inajizima baada ya muda: kichujio kimejaa vumbi, kisafishe. Hawaoni nyuma: funga mapazia na kuza maandishi, ukurasa wa tovuti unaukuza kwa Ctrl na alama ya kujumlisha.

Fomu ya maswali inaomba ruhusa, na akaunti zinawachanganya

Umetunga jaribio zuri kwenye Google Forms, umeandika linki ubaoni, watoto wanaambiwa hawana ruhusa. Mara nyingi ulinakili linki ya kwako ya kuhariri badala ya ile ya wajibuji. Au fomu imetengenezwa kwa akaunti ya shule ikajifunga kwa watu wa shule tu. Hakikisha umebonyeza Publish, na upande wa wanaojibu umeweka "Anyone with the link". Kuna na kile kipengele cha kuruhusu jibu moja kwa kila mtu, ukikiwasha kinamlazimisha kila mtoto kuingia na akaunti ya Google, na Google nchi nyingi haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti mwenyewe. Kizime, weka swali la kwanza liwe jina na namba ya mtoto. Kabla ya kipindi fungua linki yako kwenye dirisha la incognito, hapo unaiona kama atakavyoiona mtoto.

Kwenye kompyuta za kushirikiana kuna tatizo baya zaidi, mtoto wa kipindi cha kwanza hajatoka kwenye akaunti yake, wa kipindi cha pili anafanya kazi yote ndani ya jina la mwenzake. Fungueni Chrome kwa Guest, dirisha likifungwa kila kitu kinafutika.

Na hizi linki ndefu za kuandika ubaoni tuziache jamani. Mtoto hajui kama hiyo ni herufi l au namba 1, dakika kumi zinaisha. Tengeneza ukurasa mmoja mdogo wa HTML uite "Anza hapa", ndani yake weka linki zote za wiki hiyo, unakili kwenye kila kompyuta uuweke uwe ukurasa wa kwanza wa brauza. Mtoto anafungua, anabonyeza. Kama Kolibri unayo, kwenye mipangilio unaweza kuruhusu wanafunzi waingie kwa jina tu bila paswedi, kwa kidato cha kwanza hiyo inaokoa nusu ya kipindi.

Umeme

UPS moja (lile betri la akiba la umeme ukikatika) usiigawe kwa kompyuta kumi, haitadumu hata dakika tano. Iwekee seva na rauta tu, na wenye laptopu waje zimechajiwa. Kama seva yako ni Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, inaweza kuendeshwa na pawabenki nzuri, ila umeme ukikatika ghafla mara nyingi kadi yake ya kumbukumbu inaharibika, kwa hiyo tunza nakala ya kadi nzima mahali pengine.

Vifaa vyote vinafanya kazi, watoto hawajifunzi

Hapa ndo moyo wangu ulipo, na ndo dalili ambayo haina meseji nyekundu kwenye skrini. Chumba kimetulia, kompyuta zote zinawaka, mkaguzi akipita atafurahi. Siku ya jaribio hakuna kilichobaki kichwani.

Angalia mikono. Kama watoto wanne wako kwenye mashine moja na maus inashikwa na mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, basi umefundisha mtoto mmoja. Wengine watatu wameangalia tu. Na mara nyingi anayeshika ni yule ambaye nyumbani kwao kuna kompyuta, na kwenye shule mchanganyiko mara nyingi wavulana ndo wanaiwahi. Weka zamu: mmoja anashika maus, mmoja anasema cha kufanya, mmoja anaandika, mmoja anapinga. Ukipiga meza wanabadilishana. Anayeshika maus haruhusiwi kufanya kitu ambacho hajaambiwa na mwenzake. Hilo tu linabadilisha chumba, mana ili umwambie mwenzako abonyeze nini lazima uwe umeelewa.

Dalili nyingine, watoto wanacheza na kipindi kinaisha wamefurahi na hawajui walichokiona. Chukua mfano wa PhET, zile jaribio za sayansi za kwenye brauza kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, alizozianzisha Carl Wieman mwaka 2002, mshindi wa Nobel ya fizikia. Ni za bure, baadhi zimetafsiriwa Kiswahili, na zinadaunlodika zikafanya kazi bila intaneti. Kuna moja ya kuunganisha saketi za umeme, una betri, waya, balbu na swichi. Ukiwaambia watoto "haya fungueni mchunguze", watalundika betri ishirini mpaka moto uwake kwenye skrini, watacheka, kengele italia.

Badala yake usiwape maus kwanza. Chora ubaoni betri moja na balbu mbili kwenye mstari mmoja, series. Waulize, nikifunga swichi balbu ipi itawaka zaidi, ya kwanza au ya pili? Kila mmoja aandike jibu kwenye daftari kwa peni, isifutike. Wengi wataandika ya kwanza, na ukiwauliza watakuambia umeme unaifikia ile kwanza, unatumika pale, kwa hiyo ya pili inapata mabaki. Hilo ni wazo ambalo watoto dunia nzima wanalo, na unaweza kuandika ubaoni mara mia kwamba mkondo kwenye series ni sawa kila mahali, watalikariri na wazo la zamani litabaki pale pale. Sasa wape mashine waunde hiyo saketi. Wanafunga swichi, balbu zote mbili zinatoa miale sawa sawa. Kelele inaanza. Waongeze ya tatu, miale ya zote inapungua kwa pamoja, na vile vidoti vya elektroni vinatembea taratibu zaidi kila mahali kwenye waya, kabla ya balbu na baada ya balbu. Hapo usiongee. Waache wabishane, na wabishane kwa Kiswahili hata kama somo ni la Kiingereza, mtoto anayehangaika na lugha na wakati huo huo na wazo gumu, ataacha wazo. Maneno ya mtihani mtayaandika mwishoni kwa pamoja.

Dakika ishirini za hivyo zinatosha. Zilizobaki wazime skrini waandike nini kimebadilika kwenye jibu lao la mwanzo na kwa nini.

Dalili ya tatu, kazi zote zinafanana neno kwa neno. Wamenakili Wikipedia, au siku hizi ChatGPT kupitia simu ya dada nyumbani. Usianze na mtoto, anza na swali lako. Ukiuliza "eleza maana ya idadi ya watu" jibu lipo tayari mtandaoni, kwa nini ahangaike? Uliza kitu ambacho mtandao una nusu yake tu. Mfano, Sensa ya 2012 Tanzania ilihesabu watu 44,928,923, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Watafute takwimu za kata yao kwenye ripoti za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, walinganishe na taifa, kisha wakamuulize mwenyekiti wa mtaa au bibi wa nyumbani kwa nini kata imekua au haijakua. Jiografia ndo tamu zaidi: TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanatoa utabiri wa msimu wa vuli na wa masika, watoto waupakue, watege makopo ya kupimia mvua uwanjani, na mwisho wa msimu waseme utabiri ulikaaje kwa pale shuleni. Hapo hamna cha kunakili.

Na kama tovuti mbili zimetoa takwimu mbili tofauti, usiwape jibu haraka. Wafundishe kuuliza nani ameandika, lini, na ameipata wapi. Shule isipofundisha hilo, watajifunza ukubwani kwa kutapeliwa.

Kuna na hili la dakika 40 kuisha watu wakiwasha mashine. Omba vipindi viwili vifuatane, weka watoto wawili wa zamu waje kuwasha wakati wa mapumziko, na uwe siku zote na njia ya pili kwenye karatasi. Umeme ukikatika ile saketi ichorwe ubaoni na kipindi kiendelee, ndo mana nasema anza na utabiri daftarini.

Kazi ya nyumbani kwa WhatsApp

Shule nyingi mwanafunzi haruhusiwi simu, kwa hiyo kazi inapita kwenye simu ya mzazi. Dalili ya kwanza ni "mwalimu hatujaiona", na sababu yake ni kwamba faili lako ni PDF ya MB 60 uliyopiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa. Mzazi wa bando la jero hawezi kulifungua. Andika maswali kama meseji ya kawaida, au ipunguze PDF ibaki chini ya MB 1. Ya pili, mzazi anarudi saa mbili usiku na simu inazimwa saa tatu, kwa hiyo kazi ya kukusanya kesho yake asubuhi inamwonea mtoto, toa siku tatu. Na yule ambaye kwao hakuna smartphone apewe karatasi bila kutangazwa mbele za watu.

Alafu tafadhali sana, tuache kutupia matokeo ya darasa zima na majina kwenye grupu la wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019, na hata bila sheria, mtoto aliyepata 12 hana haja ya kusomwa na majirani. Mtumie kila mzazi ya mwanae.

Daftari la chumba

Ning'iniza daftari moja mlangoni na peni yake imefungwa kamba. Kila tatizo liandikwe: tarehe, namba ya mashine (zote zibandikwe namba), skrini imeandika nini neno kwa neno, umefanya nini, imepona au haijapona. "Imeharibika" isikubaliwe. Baada ya muhula mmoja utaona mashine namba 7 ina saa inayorudi nyuma kila Jumatatu, na kwamba waifai inakufa siku za kikao cha wazazi tu, na utakuwa unajua nini cha kumwomba mkuu wa shule anunue, vibetri vitatu na swichi moja, badala ya kuomba intaneti kubwa zaidi.